Mnada wa Uchovu wa Nesi

Jumapili moja ya Kwaresima, Nesi Goodness alikuwa amejifunga kanga kifuani, anapiga pasi gauni lake la kanisani juu ya meza ya chakula, uchovu wake ulipomtoka mabegani ukaanguka sakafuni. Haukutoa kishindo kikubwa. Aliiweka pasi ya mkaa juu ya kigae, akageuka kuutazama. Ulikuwa na ukubwa wa mwanambuzi aliyejikunja kulala, rangi ya majivu, na umelowa kama makumbi ya nazi yaliyotolewa matopeni jana. Ulinukia spiriti ya zahanati. Goodness alimalizia kola kwanza, kwa sababu mkaa ulikuwa unaelekea kufa.

Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi pekee wa Bweni, ncha ya kaskazini ya Mafia, ambako barabara humfikisha msafiri akiwa ameshatubu dhambi zake zote. Kwao ni Machame. Alipoletwa aliahidiwa kwamba muuguzi wa pili angemfuata hivi karibuni, na hiyo hivi karibuni ilikuwa imeshaota ndevu. Watu nao waliongezeka. Tangu hifadhi ya bahari iweke mipaka yake kusini, wavuvi wengi zaidi walikuja kupiga dago huku Ras Mkumbi, karibu na mnara wa taa, wakajenga vibanda vya makuti, wakaleta wake, na wake wakaja na mimba zao. Goodness aliwazalisha. Waliomshinda aliwapakia kwenye gari lolote lililopatikana, akakaa nao nyuma, akawashika mkono, na baadhi yao mkono ulipoa kabla hata ya kufika katikati ya kisiwa. Wa mwisho alikuwa Somoe, binti wa Bweni hapohapo. Gari alilopangiwa Somoe lilichelewa kwa sababu lilikuwa limekwenda kuwapokea wageni uwanja wa ndege.

Tangu siku ya Somoe, Goodness alishindwa kusali. Hakuwa amegoma. Kila asubuhi alipiga magoti palepale kitandani, akafumba macho, akasema "Baba yetu", na hapo ndipo ilipoishia, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kanisani aliendelea kwenda, maana angebaki nyumbani wangekuja kumwombea, na hilo asingeliweza.

Jumapili iliyotangulia, Mwinjilisti Hosea alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Kilindoni, nyusi zimejaa vumbi, akahubiri juu ya mizigo. Alisema mwenye kulemewa asijitie ushujaa, aulete mzigo wake mbele za Bwana, auweke mezani, aondoke mwepesi. Waumini wa kanisa lile walikuwa walimu, bwana shamba, mwenye duka na familia zao, watu wa bara wote, waliozoea kupokea maagizo na kuyatekeleza. Kwa hiyo Goodness aliutia uchovu wake kwenye pakacha, akaufunika kwa kitambaa, akaenda nao ibadani.

Kanisa lilikuwa la mabati, nyuma ya shule. Ndani, chini ya msalaba, palikuwa na meza ya sadaka za vitu, kwa ajili ya wale ambao mwezi umewafikia kooni: mayai, muhogo, chane ya ndizi, siku nyingine kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo hutolewa nje na kupigwa mnada. Dalali alikuwa Mwalimu Valence, mkuu wa shule na mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzuri na moyo mzuri. Alifunua kitambaa, akatazama.

"Hiki nini, Nesi?"

"Uchovu wangu, Mwalimu."

"Wa mwili au wa roho?"

"Wa roho. Wa mwili nimebaki nao. Kesho nina kliniki."

Valence aliyasogeza mayai pembeni yasije yakavunjika, akaupangia nafasi.

Goodness aliamini kwamba uchovu utabaki pale chini ya msalaba mpaka mwenyewe aliyeahidi kuupokea aje auchukue. Ndivyo alivyoyaelewa mahubiri, na kwa maoni ya msimulizi huyu, aliyaelewa sawasawa. Lakini ibada ilipokwisha na watu kuanza kutoka na sadaka, Valence alisimama mlangoni na pakacha mkononi.

"Mwinjilisti, huu nao unatoka?"

"Ulikuwa mezani?"

"Ulikuwa mezani."

"Si ungebaki tu?" aliuliza Goodness.

"Ubaki wapi, Nesi? Kanisa halina stoo, mlango hauna kitasa. Mbuzi wanaingia humu kama kwao."

Hosea alifikiri kidogo, akatazama saa. Alikuwa na ibada nyingine Baleni mchana ule, na barabara anaijua. Akasema utaratibu ufuatwe. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa adabu kabisa, kama watu wa ofisi wanavyokosea.

Mayai yalinunuliwa haraka. Kuku alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena kwa kicheko. Uchovu ulipofika zamu yake, watu wakawa wanatazamana. Remigius, bwana shamba, aliubonyeza kwa kidole kama anavyobonyeza udongo, akajifuta kwenye suruali, akasema wake mwenyewe unamtosha. Valence alishusha bei, akashusha tena. Katika mnada ule, kitu kikikosa mnunuzi aibu humrudia aliyekileta, na Valence hakutaka Nesi aaibike. Aliununua mwenyewe, kwa bei ya fungu la nyanya.

Alikuwa bado ameushika, hajui aupeleke wapi, Bi Kidawa alipotokea kwenye kona ya shule akija mbiombio. Bi Kidawa alikuwa mwenyeji wa Bweni, mama wa makamo, mchota maji wa zahanati na wa nyumba za walimu. Jioni alitwanga makumbi na kusuka kamba. Alikuwa mama mkubwa wa marehemu Somoe. Hakuna aliyelikumbuka hilo wakati ule, hata Goodness.

"Hamjambo nyote? Nisameheni kuwakatiza. Nesi anatakiwa dago. Mke wa Ussi uchungu umemshika tangu alfajiri."

Sasa kanisa lile lilikuwa na desturi nzuri. Mnunuzi akipenda, humzawadia mgeni kile alichonunua, maana mgeni haondoki kanisani mikono mitupu. Uso wa Valence ulichangamka.

"Bi Kidawa, karibu sana. Leo wewe ndiye mgeni wetu. Pokea hii, zawadi ya kanisa."

Watu wakapiga makofi. Bi Kidawa alilelewa kwamba kitu ukipewa kwa mikono miwili mbele za watu, unakipokea kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu.

"Chaliwa?"

"Hakiliwi, Bi Kidawa."

"Haya, basi ni cha kubebwa," alisema, akasokota ncha ya kanga yake kuwa kata, na Valence mwenyewe akamtwika. Bi Kidawa alijaribu uzito wake kwa shingo. "Chepesi kuliko ndoo." Siku ile ilikuwa kweli.

Mke wa Ussi alijifungua salama mtoto wa kiume, na wanawake wa dago walishangazwa na jambo moja tu, kwamba Nesi alikuwa anaimba. Asubuhi iliyofuata Goodness alipiga magoti kitandani, akasema "Baba yetu", na yaliyobaki yakaja yenyewe mpaka mwisho, na baada ya mwisho yakaja mengine yake mwenyewe. Alilia, akacheka, akachelewa kliniki. Maandiko ambayo kwa miezi aliyasoma kama maelezo ya kwenye kopo la dawa sasa yalimjibu kila alipoyafungua. Anayetaka kuambiwa kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo amekuja mahali sipo. Ilikuwa ya kweli, na ilimpendeza kila aliyemwona. Alipomkumbuka Somoe, alimkumbuka bila maumivu, kama unavyomkumbuka mtumishi mwenzako aliyehamishiwa wilaya nyingine.

Hapo wengine nao wakataka. Jumapili iliyofuata Mwalimu Valence alileta wake, mkavu na mzito kama saruji iliyoganda. Remigius alileta wake, uliokuwa na mizizi. Mke wa mwenye duka alileta mdogo, ila ulikuwa unanung'unika. Kila mmoja ulipigwa mnada kwa utaratibu, ukanunuliwa na rafiki ili mwenyewe asiaibike, na Bi Kidawa akazawadiwa kila mmoja. Mwanzoni walimwita aje kanisani kama mgeni. Baadaye waliona ni kumsumbua, wakawa wanampelekea nyumbani.

"Mwenzetu ameshauzoea," alisema mke wa mwenye duka. "Mimi shingo yangu haina mazoea ya kubeba."

Kanisa likafufuka. Hilo nalo ni kweli. Watu waliokuwa wakisinzia waliamka, walionuniana wakapatana, na siku ya Pasaka kuimba kwao kulisikika mpaka kwenye mnara wa taa. Wakristo wa Kilindoni walianza kupanda hadi Bweni, wakirukwa na mashimo, kila mmoja amepakata pakacha lake. Mwinjilisti Hosea alitoa shukrani kwa Mungu anayewapumzisha watu wake. Goodness alisimama akashuhudia kwa dakika nyingi, na alipomaliza hapakuwa na jicho kavu.

Nyumbani kwa Bi Kidawa, mizigo ilishikamana ikawa mmoja. Haukutaka kuachwa. Akiufungia ndani, akifika kisimani anaukuta umetangulia, umekaa kwenye ukingo. Siku moja aliupeleka Ras Mkumbi akautosa baharini. Maji yaliuchukua yakaushusha upande wa kusini, mpaka vijana wa doria wa hifadhi wakauokota na kuurudisha kwa boti. Walikuwa na adabu. Walimwamkia, wakamweleza kwamba baharini si mahali pa kutupia vitu, wakamsaidia kuutua pwani, wakaondoka. Bi Kidawa aliwapa madafu.

Akaanza kwenda polepole. Maji ya zahanati, yaliyokuwa yakifika kabla ya jua, yakawa yanafika adhuhuri. Goodness aliliona hilo, na kwa uvumilivu wake mpya, akamsamehe.

Tangu utoto wake Bi Kidawa hakuwahi kuikosa swala ya alfajiri, hata alipokuwa na homa. Sasa alitandika msala akakaa pembeni yake, akiutazama. Maalim Luqmani, aliyefundisha Kurani chuoni na ambaye nyumba zao zinapakana, alimwona kupitia ua akamwuliza kulikoni.

"Nikitaka kuomba, Maalim, yanijia maneno ya watu. Mmoja ataka uhamisho. Mmoja mumewe hamwandikii. Kuna mwanamume alia usiku kwa sababu ya darasa zima lililofeli. Nikimaliza kuwasikiliza wao, jua limeshatoka."

"Mizigo hiyo uliipokea mwenyewe?"

"Niliipokea mbele za watu."

Maalim alishusha pumzi. Alisema atamwombea dua, na akamwombea, na ilimsaidia kwa siku nzima.

Mwishowe Bi Kidawa alikwenda zahanati kama mgonjwa. Aliutua mzigo barazani, ukajaza baraza, akinamama wa kliniki wakahamia chini ya mnazi bila kunung'unika. Goodness alimwamkia, akamkalisha, akampima.

"Presha yako nzuri, Bi Kidawa. Moyo mzuri. Damu unayo."

"Najua. Sikuja kwa hayo, mwanangu. Nimekuja kwa majina."

"Majina gani?"

Bi Kidawa aliyataja, moja baada ya jingine, bila haraka. Yalikuwa majina ya wanawake, na Goodness aliyajua yote. Aliijua na mikono yao. Halafu Bi Kidawa akasema, "Na Somoe."

Goodness alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Somoe ni wa mdogo wangu," alisema Bi Kidawa. "Nilimlilia, matanga yakaisha, nikamwachia Mungu. Sasa namlilia upya, na si kwa jicho langu. Nauona mkono wake umo mkononi mwangu, gari laruka mashimo, nami nimevaa gauni jeupe. Namwambia 'tumekaribia, tumekaribia', na najua hatujakaribia." Alijipangusa uso kwa kanga. "Sikujua kama ulimlilia hivyo, Nesi. Sisi twalikuona umesimama tu. Nafurahi kulijua hilo. Lakini wa kwako nakuomba uuchukue. Huu wa walimu nitauangalia mwenyewe."

"Nisamehe, Bi Kidawa," Goodness alisema, na alimaanisha. Moyo ulimuuma, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima. "Nitauchukua. Sasa hivi."

Walitoka barazani. Wake ulikuwa chini ya yote, aliutambua kwa harufu ya spiriti. Aliinama, akaingiza mikono, akauvuta mpaka magotini. Wimbo aliokuwa nao tangu asubuhi ulimkatikia kooni. Alijaribu kumwita Mungu amtie nguvu, akasema "Baba yetu", na hapo ikaishia. Nyumba ile ilikuwa imehamwa tena. Mkono baridi wa msichana ukaingia ndani ya mkono wake.

Aliuachia. Ukarudi mahali pake.

"Ngoja niuombee kwanza," alisema. "Niombe, halafu nitauchukua."

"Haya, omba."

Goodness alipiga magoti barazani. Sala ilikuja vizuri, tamu, ndefu kuliko zote, na alipofumbua macho uso wake ulikuwa umelowa na umetulia. Bi Kidawa alikuwa ameshachuchumaa kando ya mzigo, kwa sababu shule ilikuwa inangoja maji.

"Kesho, Bi Kidawa," alisema Goodness. "Kesho nitakuja kuuchukua."

"Inshallah."

Jumapili alimweleza Mwinjilisti Hosea. Alimkuta nje, anafuta vumbi kwenye nyusi.

"Kitu ulichokwisha kumtolea Bwana, Nesi, ukikirudisha utakuwa umemnyang'anya."

"Lakini hakikumfikia Bwana, Mwinjilisti. Kiliishia kwa Bi Kidawa."

Hosea aliacha kujifuta. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga, na kwa kitambo kidogo alionekana kama anaiona njia yote tangu mezani mpaka kisimani. Ndani kwaya ilikuwa imeanza, sauti nne, kila moja mahali pake.

"Basi tumwombee Bi Kidawa," alisema.

Walimwombea. Yalikuwa maombi mazuri, na wengine walilia.

Ile hivi karibuni ya muuguzi wa pili haikufika. Zamani Goodness alikuwa akiiulizia kila mwezi, akienda hadi Kilindoni, akisimama kwenye kaunta za watu, akipandisha sauti. Sasa hakuiulizia. Hakuwa amechoka. Waliomwahidi walifurahi kusikia kwamba Bweni kumetulia, na mmoja wao alimtolea mfano kwenye kikao, kwamba mtumishi akiwa na imani mazingira hayamshindi. Gari nalo liliendelea kupokea wageni. Mvua za vuli zilipoanza, mwanamke mwingine wa dago alipoa mkono njiani. Goodness alimfumba macho, akamshukuru Mungu kwa kila jambo, akarudi nyumbani, akalala usingizi mzuri. Asubuhi mzigo wa Bi Kidawa ulikuwa umeongezeka.

Ulifikia ukubwa ambao mtu hawezi tena kujitwisha mwenyewe, na mzigo wa namna hiyo, pale Bweni kama kwingine kote pwani, anayepita humsaidia mwenzake kujitwika. Ni uungwana. Goodness hupita kisimani kila siku kabla ya kliniki, katika gauni lake jeupe lililonyooshwa, na hajawahi kupita bila kusimama.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unitwike."

Goodness hukunja magoti kama alivyofundishwa chuoni, mgongo umenyooka, akashika upande mmoja, Bi Kidawa akashika wa pili, wakahesabu pamoja, wakainua. Huwa unapita karibu sana na uso wake, na kwa nukta moja harufu ya spiriti humwingia na wimbo humkatika. Halafu unafika kichwani kwa Bi Kidawa, unatulia, na wimbo unarudi.

"Kesho nitauchukua, Bi Kidawa. Mungu akipenda."

"Polepole, Nesi," Bi Kidawa humwambia kutoka chini ya mzigo. "Usije ukaumia mgongo."

Goodness humshukuru kwa kumjali, akaenda zake zahanati, akiimba.